Ordinateri isiyoimba haijafa

Ordinateri nyingi zinazofika Goma, Bukavu, Uvira ao Baraka ni zile zilizokwisha kutumiwa kwingine miaka na miaka. Windows yake imekuwa nzito, virusi vimejaa, kwa hiyo fundi anaifuta na kuweka Linux, ambayo hailipwi. Mashini inaamka. Vijana wanaandika barua, wanajifunza hesabu, wanafungua picha. Kisha mtoto mmoja anafungua mchezo. Mchezo unatembea vizuri, lakini muziki hakuna. Anapandisha sauti, anagusa waya za bafle, hakuna. Mkubwa aliye karibu anasema karte ya sauti imekufa, na neno lake linabaki hivyo mwaka mzima.

Mara nyingi karte haikufa. Alama ya kutambua ni rahisi: kama mlio wa gari moshi ao wa mlango unasikika ndani ya mchezo, lakini wimbo hausikiki, basi karte ni nzima na bafle ni nzima. Kinachokosekana ni mfuko wa sauti, ule ambao wenye kazi hiyo wanauita saundifonti. Mtu anayeleta ordinateri ya Linux kwa vijana bila kuweka mfuko huo ameleta gitare bila nyuzi. Na kwa sababu ordinateri hizo mara nyingi zinakwenda kwa watoto waliokimbia vita, ambao hawana mahali pengine pa kuuliza, kosa hilo dogo linastahili kusemwa wazi.

Muziki wa michezo mingi ya zamani, na michezo mingi ya bure inayotengenezwa hata leo, umeandikwa kwa njia ya MIDI. Faili ya MIDI haina sauti ndani yake. Ina amri tu, kama karatasi ya mwongozaji wa korali: piga noti hii, kwa nguvu hii, iache sasa. Njia hiyo ilitoka mwaka 1983. Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi walikuwa wamechoka kuona klaviye za viwanda mbalimbali haziwezi kusikilizana, wakasukuma viwanda kukubaliana juu ya lugha moja, na lugha hiyo haikuuzwa. Mwaka 1991 ikaongezwa orodha ya vyombo 128, ili namba 1 iwe piano popote duniani. Namba 28 ni gitare ya umeme yenye sauti safi, inayokaribia gitare ya solo ya rumba. Namba 109 imeandikwa kalimba, ndugu wa likembe, kile chombo ambacho kikundi Konono N°1 cha Kinshasa kilikitia umeme na kukipeleka kwenye majukwaa ya Ulaya. Ngoma zinakaa pamoja kwenye njia ya 10, na humo noti ya 63 na ya 64 ni conga. Kwa hiyo mtoto wa Kivu anayefungua orodha hiyo hakuti vitu vya kigeni tupu.

Faida kubwa iko kwenye uzito. Sauti iliyorekodiwa kwa namna ya CD inakula karibu mega 10 kwa kila dakika. Ikibanwa kuwa MP3 ya kawaida, inakula karibu mega 1 kwa dakika. Wimbo wa MIDI wa dakika 3 unaweza kukaa ndani ya kilobaiti 30 mpaka 60. Tuseme mchezo una nyimbo 20 za dakika 3: kwa MP3 ni mega 60 hivi, kwa MIDI ni kama mega 1 tu. Mahali ambapo watu wanahesabu mega kabla ya kufungua intaneti, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama mchezo utafika ao hautafika. Faili ya MIDI inapita kwa Bluetooth kutoka telefoni mpaka telefoni kabla mwenye telefoni hajamaliza kusalimia.

Sasa, mchezo gani? Wengi wanaozungumzia MIDI kwenye michezo wanaanza na Doom, uliotoka Marekani mwezi wa 12 mwaka 1993 na nyimbo za Bobby Prince. Programu yake ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1997, na leo kuna Freedoom, yenye picha na nyimbo za bure, zote zinatembea kwenye Linux bila shida. Lakini ni mchezo wa bunduki tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto aliyelala chini ya kitanda akisikia masasi halisi hana haja ya kuketishwa mbele ya masasi ya kuchezea eti kwa sababu muziki wake ni mwepisi. Kuna OpenTTD, iliyotokana na mchezo Transport Tycoon wa mwaka 1994. Mchezaji anajenga barabara, anaweka basi na gari moshi, anaunganisha mji na mji, na kampuni yake inafilisika kama hakupiga hesabu vizuri. Nyimbo zake za bure, zinazoitwa OpenMSX, ni faili za MIDI. Watu wanaojua barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira wakati wa mvua wataelewa haraka kwa nini mtoto anaweza kupenda mchezo ambao barabara inajengwa na inabaki.

Lakini muziki kusikika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ile inayowachosha mafundi wengi, ni kuufanya urudilie bila kukatika. Na hapa Wakongomani wana sikio ambalo wengine hawana.

Mchezo haujui mchezaji atakaa muda gani. Anaweza kuzunguka kwenye pori moja dakika 2, anaweza kuzunguka saa nzima. Kwa hiyo mtunzi anaandika kipande kifupi na ordinateri inakirudilia. Sebene inafanya kazi hiyohiyo. Gitare ya solo inashika sentensi fupi, inaizungusha, mi-solo inajibu, besi inashikilia, na hakuna anayejua mbele ya wakati itaisha lini: itaisha wacheza dansi watakapotosheka. Docteur Nico na Franco walifanya watu wazima wasimame kwa sentensi fupi iliyorudiliwa mara nyingi, na hakuna aliyelalamika kwamba ni kitu kilekile. Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi wa 12 mwaka 2021, na sehemu kubwa ya utamu wake ni hiyo elimu ya kurudilia.

Wazee waliokuwa na santuri wanajua pia kinyume chake. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, upande wa A na upande wa B. Sebene inapopamba moto, sahani inaisha, mtu anasimama kuigeuza, na wacheza dansi wanabaki mguu mmoja juu. Hicho ndicho kinachotokea kwenye mchezo ambao muziki wake haurudiliwi vizuri. Tofauti ni kwamba sahani iligeuzwa mara moja. Kipande cha sekunde 16 kinazunguka mara 225 kwa saa moja. Mwanya wa nusu sekunde, mara 225, ndani ya chumba kimoja chenye watoto kumi: mzazi anayesema mchezo huo unamuumiza kichwa hasemi uongo.

Mwanya huo kwenye Linux una sababu zake, na zote zina dawa.

Ya kwanza ni namna mchezo unavyoomba muziki. Michezo kadhaa haipigi MIDI yenyewe. Inaita programu nyingine, kama vile TiMidity++, inaipa faili, inangoja imalize, kisha inaiita tena tangu mwanzo. Kila mwito programu inafunguka upya, inasoma sauti zake upya kwenye diski, na kwenye diski ya zamani kusoma huko kunasikika kama kimya kirefu. Dawa ni kuacha kuita mtu wa inje. FluidSynth, ambayo ni ya bure pia, inaweza kukaa ndani ya mchezo, ikashika sauti zake kwenye memori tangu mwanzo, na ikaambiwa irudilie bila mwisho. Anayeandika mchezo kwa Python na pygame anaandika -1 mahali pa idadi ya kurudilia, na wimbo hausimami mpaka atakaposema. OpenTTD yenyewe inaweza kutumia FluidSynth, na kama fundi ana uchaguzi, achague hiyo.

Sababu ya pili iko kwa mtunzi, na hii ni ya mayele zaidi. Ndani ya faili ya MIDI muda unahesabiwa kwa vipimo vidogo sana. Mara nyingi pigo moja lina vipimo 480. Kipande cha baa 8 chenye mapigo 4 kwa kila baa kina vipimo 15,360. Sasa noti ya mwisho inaweza kuachwa kwenye kipimo cha 15,000, kwa sababu mpiga gitare aliinua kidole mapema. Kama programu ya kuandikia ikiweka alama ya mwisho wa wimbo palepale, vipimo 360 vinapotea. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni karibu theluthi moja ya sekunde na kidogo zaidi. Kila mzunguko unaanza mapema, na mcheza dansi anajikwaa. Masikio ya Goma yatasikia kosa hilo mara ya kwanza, hata kama mdomo hauna jina lake. Dawa ni kusogeza alama ya mwisho mpaka ukingoni mwa baa, kipimo cha 15,360, hata kama hapo hakuna noti inayopigwa.

Ya tatu ni ya watunzi wanaopenda utangulizi. Rumba ina sehemu ya pole inayoimbwa, kisha sebene. Tuseme mtoto ametunga wimbo wa mchezo kwa mpango huo. Ordinateri ikifika mwisho inarudi mwanzo kabisa, kwenye sehemu ya pole, na moto unazimika. Anataka irudi kwenye sebene tu. Kanuni za MIDI za mwanzo hazikuweka alama ya jambo hilo, kwa hiyo kila kiwanda kilibuni yake. Wajapani wa RPG Maker walitumia amri ya namba 111: mahali ilipoandikwa, ndipo wimbo unarudi. Michezo ya Apogee ya Marekani ilitumia 116 na 117. Programu isiyojua alama hiyo inaipita tu kama mtu asiyejua kusoma anavyopita kibao cha njiani. Kwenye Linux, EasyRPG inaijua 111, na michezo ya RPG Maker 2000 na 2003 inachezwa humo na muziki wake unarudi mahali pake. Anayetunga wimbo asipojua mchezo utapigwa na programu gani, aandike kipande kisicho na utangulizi, kinachozunguka chote. Ni njia ya usalama.

Na kuna jambo jingine ambalo linawadanganya hata mafundi: wimbo unaporudi nyuma, vyombo haviwezi kukumbuka vilikuwa wapi. Kama katikati ya sebene mtunzi alibadilisha gitare kuwa tarumbeta, mzunguko wa pili utaanza na tarumbeta. Lazima aandike tena, pale mahali pa kurudilia, kila chombo na nguvu yake. Kikundi cha watu hakina shida hiyo, kila mmoja anajua alichoshika mkononi.

Turudi kwenye mfuko wa sauti, maana watu wanaogopa ukubwa wake bure. Ule unaopendwa na wengi, FluidR3, una karibu mega 140. Kuupakua ni gharama, na ordinateri yenye memori ndogo itaumeza kwa taabu. Lakini kuna TimGM6mb, wenye karibu mega 6, na vyombo vyote 128 vimo. Sauti zake si tamu kama za mfuko mkubwa. Tarumbeta yake hasa inachekesha. Lakini kwa mchezo kwenye bafle ndogo inatosha kabisa, na Debian pamoja na ndugu zake wanao tayari kwenye ghala zao. Mashini ikiwa nzee sana na sauti inakwaruza, fundi azime mwangwi na korasi ndani ya FluidSynth, apunguze pia idadi ya sauti zinazopigwa kwa pamoja. Mambo hayo mawili yanaipa mashini pumzi, na betri inayochajiwa na jua inakwenda mbali kidogo.

Wanaopinga wana maneno yao, na baadhi ni ya kweli. Wanasema MIDI inalia kama kitu cha kuchezea. Ni kweli kwa mfuko mbaya na mtunzi mvivu. Lakini mwaka 1991, katika mchezo Monkey Island 2, Michael Land na Peter McConnell walitumia MIDI kufanya jambo ambalo rekodi ya kawaida haiwezi kwa urahisi: mchezaji anapotoka chumba kimoja kuingia kingine, wimbo unabadilika vyombo na mwelekeo bila kukatwa, kama kikundi kinachomtazama anayecheza dansi na kumfuata. Programu ya bure ScummVM inapiga muziki huo kwenye Linux mpaka leo. Wimbo wa amri unabadilishwa hapohapo. Ukiongeza mwendo wake, sauti haigeuki kuwa ya panya.

Wanasema pia MIDI haibebi sauti ya mtu. Hapo wana haki, na hakuna dawa. Maneno ya wimbo, kwa Kiswahili ao Mashi ao Kinande ao Kibembe, hayamo ndani ya amri hizo. Mama anayetaka kuhifadhi wimbo aliouimba mashambani Masisi kabla ya kukimbia, arekodi sauti yake kwenye telefoni, wala asikubali kudanganywa kwamba faili ya MIDI itaushika. MIDI itashika melodia na mapigo. Ni mifupa ya wimbo.

Lakini mifupa hiyo ndiyo inafaa kwa mchezo. Kila paruwasi ina mwongozaji wa korali anayejua solfeji, na wengi wao wamekimbia pamoja na waimbaji wao. Mtu huyo akiketi na kijana anayejua ordinateri kidogo, pamoja na MuseScore ao Rosegarden, ambazo hazilipwi, wanaweza kuandika baa 8 kwa mangaribi moja. Kijana atajifunza kuhesabu pigo, na mwongozaji atajifunza kuhifadhi nyimbo zake mahali ambapo mvua haifiki. Waangalie jambo moja tu: kuandika wimbo wa mtu mwingine kwa MIDI hakuufanyi kuwa wako. Wimbo wa Franco unabaki na wenyewe, na haki za watunzi katika inchi zinashughulikiwa na SOCODA. Watunge vyao, ao wachukue nyimbo za zamani za kijiji ambazo hakuna aliyeziandika jina lake.

Neno la wazazi, kwamba michezo inapoteza watoto, lina uzito zaidi ya yote hayo. Mtoto anayecheza tangu asubuhi mpaka usiku anapotea kweli, na muziki mtamu unamshikilia zaidi. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mtoto anayeulizwa kwa nini wimbo umejikwaa kwenye baa ya 8, na anayefungua faili kutafuta vipimo 360 vilivyopotea, hayuko kwenye mchezo tena. Yuko kwenye hesabu, na kazi hiyo inaomba utulivu ambao masomo yaliyokatwakatwa na vita hayakumpa. Saa moja ya kucheza na saa moja ya kutengeneza ni mpango ambao mzazi anaweza kukubali, na mwalimu anaweza kuusimamia bila mashini zaidi ya moja.

Kwa wale wanaoleta ordinateri, wawe kanisa, shirika ao jamaa walioko inje ya inchi, ombi ni fupi. Kabla ya kufunga katoni, mtu aiwashe mashini, aweke FluidSynth na mfuko mdogo wa mega 6, afungue OpenTTD, akae asikilize mpaka wimbo wa kwanza uishe na wa pili uanze. Inachukua dakika 10 kule ambako intaneti ni rahisi. Ikifanyiwa hapa inaweza kuchukua wiki, kama kuna wa kuifanya. Na aongeze nakala ya mfuko huo kwenye kle ya USB, maana mashini ya kwanza ikiimba, wenye mashini nyingine watafika kuuliza.

Kwa wale walio nazo tayari na hazijaimba, fundi asitupe karte ya sauti. Afungue mchezo, asikilize kama mlango unalia, kisha atafute mwenye TimGM6mb kwenye telefoni.